Tela la kutu: mnunuzi apime chuma, si bei

SONGEA: Tangu lami ilipofika Mbamba Bay, safari ya kutoka Songea hadi Ziwa Nyasa imekuwa ya uhakika masika na kiangazi. Usipa hupanda, bidhaa za dukani huteremka. Mwenye mtaji mdogo anayetaka kuingia ziwani na boti ya faiba hukutana na swali la kwanza barabarani: boti itabebwa na nini? Jibu la haraka ni tela kuukuu kutoka pwani, lenye kutu na bei ya kuvutia. Jibu hilo linaweza kuwa zuri. Linaweza pia kumeza mtaji wote kabla boti haijagusa maji.

Kosa la kwanza ni kuhesabu bei ya kununulia peke yake. Tuchukue tarakimu za mfano tu, ambazo si bei ya soko. Tela limenunuliwa kwa shilingi milioni 1, na zima linauzwa milioni 2.5. Mnunuzi anajiona ameokoa milioni 1.5. Lakini kulivuta hadi Songea ni laki 3. Beringi, matairi mawili, chuma na fundi wa kuchomelea ni laki 9. Alichookoa ni laki 3, na fedha zake zimelala gereji wiki kadhaa. Ekseli ikionekana imekwisha, hata hizo laki 3 hazipo.

Kosa la pili ni kutazama kutu ya nje. Tela la boti la pwani limezamishwa mara nyingi katika maji ya chumvi. Maji huingia ndani ya vyuma vyenye uwazi, yakakauka, chumvi ikabaki ikila chuma kutoka ndani. Nje rangi inang'aa; ndani chuma kimebaki kama bati. Kwa sababu hiyo tela lililopakwa rangi mpya siku chache kabla ya kuuzwa litiliwe shaka kuliko lenye kutu ya wazi. Mnunuzi aende na nyundo ndogo na bisibisi. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti nzito, na bisibisi huzama. Mahali pa kugonga ni chini ya ekseli, penye maungio, na panaposhikia springi.

Beringi nazo zina hesabu yake. Baada ya mwendo mrefu habu huwa ya moto. Ikizamishwa ghafla, hewa iliyo ndani hupoa na kusinyaa, ikavuta maji kupitia sili. Grisi hugeuka nyeupe kama maziwa, na safari inayofuata beringi hukwama. Beringi hununuliwa kwa namba iliyochongwa juu yake, hivyo mnunuzi afungue habu na kuulizia namba hiyo madukani kabla ya kulipa. Beringi ikikosekana Songea, kila hitilafu itasubiri basi la Dar es Salaam.

Tairi la tela huzeeka kwa miaka zaidi ya kilomita. Tarakimu nne za mwisho ubavuni hueleza: 1519 ni wiki ya 15 ya mwaka 2019. Tairi lenye nyufa libadilishwe hata kama meno yake ni mapya.

Katika ukarabati wenyewe, mpangilio wa kazi ndio unaookoa fedha. Kwanza tela lioshwe kwa maji baridi ndani na nje mpaka chumvi itoke. Kisha kutu isuguliwe hadi chuma cheupe, yanayohitaji kuchomelewa yachomelewe, na rangi ya chini ipakwe siku hiyo hiyo kabla unyevu haujarudi. Kama chuma kina zinki, fundi aiondoe mahali pa kuchomelea tu na afanye kazi penye hewa, kwa kuwa moshi wake humdhuru.

Lakini hesabu kubwa kuliko zote iko mteremkoni. Kutoka Songea hadi Mbinga ni takriban kilomita 100, na kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66. Barabara huteremka kutoka milima ya Umatengo, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hadi ziwa lililo chini ya mita 500. Matela mengi madogo hayana breki. Uzito wote husukuma gari linalovuta. Ekseli ikikatika pale, hasara haiishii kwenye boti. Mzigo uegemee mbele kidogo, ili sehemu kama moja ya kumi ya uzito ikae juu ya kichwa cha kuungia. Mnyororo wa usalama ni wa lazima.

Hata tela lililokarabatiwa vizuri linahitaji kazi. Boti huteremka ziwani mara moja na kubaki huko. Tela hurudi Songea na kusimama. Anayetegemea kulitandika mbao ili libebe mahindi wakati wa mavuno asome kibao chake. Tela lenye kibali cha kilo 750, likiwa na uzito wake wa kilo 200, hubeba kilo 550 tu. Hayo ni magunia matano ya kilo 100, wala si lumbesa.

Uamuzi wa busara basi uko hivi. Mwenye boti moja akodi lori, alipe safari moja, mtaji ubaki kwa injini na nyavu. Tela linunuliwe na wenye boti watatu au wanne kwa pamoja, au na anayekodisha mwenye wateja tayari, na kwa masharti mawili: ekseli na chesesi ziwe nzima, na kadi ya usajili iwepo. Sharti moja likikosekana, hata bei ya bure ni ghali.