Jini Hana Hati Miliki

Mwaka jana jamaa watatu walishuka kutoka Nairobi na kamera, taa na droni, wakatafuta mtu wa kuwapeleka pango la Shimoni. Mimi ni mtoto wa Msambweni na mwezi ulikuwa umenibana, nikakubali. Tuliteremka, popo wakaanza kuruka, na mzee anayetembeza wageni akaanza kueleza habari za vile vyuma vilivyopigiliwa kwenye mwamba. Hakumaliza sentensi ya pili. "Mzee, hiyo tutaiweka baadaye," mmoja akamkatiza. Kisha akanigeukia: "Bro, simama pale kwa giza, piga nduru kama umeona kitu."

Nikapiga nduru. Nikalipwa elfu mbili. Video ile imetazamwa na watu wengi kuliko chochote nilichowahi kuandika, na tangu siku hiyo nina donge kooni.

Pwani ya kusini imegeuzwa filamu ya kutisha. Mwanamke mrembo mwenye kwato barabara ya Ukunda, hoteli iliyofungwa ambayo taa zake huwaka usiku, paka anayeongea Kiswahili fasaha. Nazijua zote, nimekua nazo, na baadhi nazipenda mno. Sigombani na hadithi. Nagombana na kazi anayopewa jini: anawekwa pale palipokuwa na mtu.

Tuanze na Shimoni yenyewe. Mwaka 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja kwa shinikizo la Waingereza. Biashara haikufa, iligeuza njia. Watu walitembezwa kwa miguu kutoka upande wa Kilwa, wakapandishwa pwani hii hii kuelekea kaskazini, hadi Sultani alipopiga marufuku na misafara ya nchi kavu mwaka 1876. Na huku kwetu utumwa wenyewe ulibaki halali kisheria hadi 1907. Huo si mwaka wa kale. Wapo wazee waliolelewa na watu waliozaliwa kabla yake.

Nenda Gasi sasa. Utaonyeshwa nyumba ya Mbaruk bin Rashid, yule Mazrui aliyewapiga vita Waingereza 1895 na 1896 kisha akakimbilia upande wa Wajerumani. Utasimuliwa kwamba watumwa walizikwa hai kwenye msingi ili nyumba isimame imara, na kwamba usiku husikika vilio. Mimi sijui nini kiko chini ya msingi ule. Ninachojua ni kwamba Mbaruk alikuwa na watumwa, kama wakubwa wengine wa pwani wa enzi yake, na mashamba yalilimwa na mikono yao. Hilo halihitaji vilio vya usiku. Lakini angalia tunavyolisimulia: Mbaruk ana jina, ana ukoo, ana vita vyake kwenye vitabu. Waliomlimia wana sauti tu, tena baada ya saa sita usiku.

Si sisi pekee. New Orleans, Marekani, mwaka 1834 moto uliwaka nyumbani kwa Delphine LaLaurie, na waliokuja kuuzima wakakuta watumwa walioteswa vibaya. Leo nyumba ile ni kituo cha matembezi ya mizuka: watalii husimama nje na vinywaji mkononi. Mwanahistoria Tiya Miles ameandika kitabu kizima kuhusu biashara hiyo ya kusini mwa Marekani. Nilipokisoma nilijiona mimi, nimesimama gizani, napiga nduru.

Mizuka yetu mingine haina hata miaka mia. Utotoni tuliambiwa kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa 1988 kwa sababu jini la mitambo lilikosa damu. Jamani. Viwanda hufungwa na madeni na maamuzi ya watu wanaotia sahihi makaratasi. Halafu kuna Likoni. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi kilivamiwa, watu zaidi ya mia wakauawa siku na wiki zilizofuata, majirani wa bara wakakimbia na magodoro kichwani. Muulize kijana wa Ukunda leo kuhusu Kaya Bombo, atakwambia habari za dawa, hirizi na viapo msituni. Ni kweli viapo vilikuwepo. Ila Tume ya Akiwumi haikuundwa mwaka 1998 kuchunguza hirizi. Iliundwa kwa sababu kulikuwa na watu nyuma ya zile panga, na uchaguzi ulikuwa mlangoni.

Na ardhi? Sheria ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani wapeleke madai yao ya mashamba. Ambalo halikudaiwa kwa karatasi likawa la Serikali ya Mwingereza. Ndiyo maana hadi leo kuna familia Kwale zinaitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Jini hana hati miliki. Hati anayo mtu, na huyo mtu hufurahi sana tukibaki tunaogopa jini.

Nyanya yangu, Mdigo wa kweli kweli, hakuwahi kuniambia kuhusu mzuka. Aliniambia kuhusu koma. Koma ni ndugu yako aliyefariki. Ana jina, unajua alizaliwa na nani, na akikasirika anakuja ndotoni kuuliza mbona umenisahau, sadaka yangu iko wapi. (Ustadhi ataniambia hiyo ni shirki. Mjadala huo tumeufanya nyumbani kila Idi, hatujaumaliza.) Humwogopi koma kama filamu. Unamwogopa kama mtu unayemdai na anayekudai. Kwa hofu hiyo hiyo Kaya Kinondo bado ina miti mikubwa, mita chache kutoka ufuo uliojaa hoteli. Serikali ilizitangaza kaya nyingi kuwa turathi mwaka 1992, UNESCO ikafuata 2008. Wazee walikuwa wakizilinda kabla ya hapo. Na bado Chale, kisiwa cha kaya, kilipata hoteli.

Hata lile pango la Shimoni, mtafiti Herman Kiriama ameonyesha kwamba wenyeji wanalikumbuka pia kama mahali pa ibada, si gereza la watumwa tu. Kumbukumbu mbili ndani ya shimo moja. Nani ana subira ya kuzisikiliza zote kama anachotaka ni sekunde kumi na tano za nduru?

Najua jibu: ni burudani tu, inaleta wageni. Sawa. Mgeni wa mizuka hulipa kiingilio, hukaa dakika kumi, huondoka na video. Anayemsikiliza mzee hadi mwisho hula samaki Wasini na kurudi kesho.

Kwa hiyo ukishuka Disemba, karibu. Kinondo utafungwa kaniki kiunoni, vaa bila kucheka. Gasi, uliza waliolima yale mashamba walitoka wapi na wajukuu wao wako nyumba gani. Diani, ukiwa umelala mchangani, muulize anayekuuzia madafu kiwanja kilicho nyuma yako kilikuwa cha nani. Na ukinikuta Shimoni, mwache mzee amalize kwanza. Nduru sipigi tena, hata kwa elfu kumi.