Taa ya Umma ni Amana



Husimuliwa kwamba Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala tangu mwaka 717 hadi 720 Miladia, alikuwa usiku mmoja akishughulikia kazi za dola kwa mwanga wa taa ya Baitul-Mali. Mgeni wake alipogeuza mazungumzo na kumuuliza hali ya jamaa zake, aliizima taa ile, akawasha yake mwenyewe. Mafuta yale hayakuwa mengi, lakini yalikuwa na wenyewe.

Kisa hicho kinatuhusu sisi wa Marereni. Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, taa za barabarani ni jukumu la serikali ya kaunti. Tunapoahidiwa taa za sola au balbu zinazotumia umeme mdogo, tunafurahi. Kwani mtoto atokaye chuoni baada ya Isha na mama anayerauka kwenda sokoni wote wanahitaji mwanga. Tena kila shilingi inayookolewa katika bili ya umeme yaweza kununua dawa za zahanati.

Lakini je, shilingi hiyo imeokolewa kweli? Siku ya uzinduzi hutangazwa idadi ya nguzo. La kuuliza ni la mwaka wa pili: ngapi zingali zinawaka? Betri za taa za sola huchakaa, na hapa kwetu, penye mashamba ya chumvi na upepo wa bahari, chuma huliwa na kutu upesi. Mradi usiotengewa fedha za matengenezo haupunguzi gharama. Hutuachia nguzo kwenye giza.

Basi tuulize kwa maandishi, wala tusiishie kunung'unika barazani. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa, na ofisi ya umma hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Mkataba uligharimu kiasi gani? Dhamana ya mkandarasi ni ya miaka mingapi? Bili ilikuwa kiasi gani kabla ya taa hizo, na sasa ni kiasi gani? Nani hutengeneza ikizimika? Anayenyimwa jibu aweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ijulikanayo kama Ombudsman. Tena tusichelewe, kwani makadirio ya bajeti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya Aprili kumalizika, na maoni yetu hufaa kabla fedha hazijagawanywa.

Kuuliza si fitina wala uadui. Aliyekabidhiwa amana hana budi kuhesabiwa. Nao waliomkabidhi wakinyamaza, wameshiriki kuipoteza.

Wabillahi tawfiq.