Lubumbashi: mikanda ya redio bado iko, mashini ya kuisoma inauzwa mitraye

Mu Lubumbashi, mashini ya kusoma mikanda ya redio haifi kwa siku moja. Inaanza kutoa mlio, inapelekwa ku depo, depo inajaa, kisha mtu wa mitraye anapita na mizani yake. Ndani ya mashini kuko transfo na motere, ndani yake kuko shaba, na mu Katanga hata mtoto anajua kama shaba ni feza. Ndivyo kitu chenye kilibeba sauti za mji kinaondoka kwa kilo.

Jambo hili si la wapenzi wa vitu vya zamani tu. Mwaka 2019, UNESCO pamoja na IASA, chama cha kimataifa cha wenye kutunza kumbukumbu za sauti na picha, walitoa onyo: kufikia karibu 2025, kusoma mikanda hii itakuwa kazi ya vituo vichache vyenye uwezo mkubwa. Hawakusema tu kama mikanda inaoza. Walisema mashini ndizo zinaisha: viwanda viliacha kuzitengeneza, vipuri vinapotea, mafundi wanazeeka. Tarehe ile imekwisha kufika.

Na mu mikanda kuko nini? Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda ku Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Sauti ile ilipona juu ilitoka mu sahani, na kumbukumbu za Tracey zinatunzwa Afrika Kusini. Lakini mambo ya kila siku hayakupata sahani: maigizo kwa Kiswahili chetu, ya namna ile yenye troupe ya Mufwankolo ilijulisha mu mji huu, kwaya, mahojiano na wazee wa kampi za wafanyakazi, matangazo ya vifo. Mara nyingi mkanda ulifutwa ili urekodiwe tena, kwani mkanda mupya ulikuwa gali. Wenye kubaki, mara mingi ni kopi moja tu.

Sasa tuseme wazi: sehemu kubwa ya mashini zenye kuitwa "zimekufa" hazijakufa. Ugonjwa wake unajulikana, na mingi inaponeka hapa hapa.

Kosa la kwanza ni kuchomeka. Mashini yenye imelala miaka 10 mu vumbi, mtu anaiingiza ku umeme moja kwa moja ili "aone kama inatembea". Kondensateri za chimiki ndani yake zimekauka, ao zimesahau kazi yake. Zikipigwa na volti 220 kwa mara moja, zinapasuka na kuvuta transfo pamoja nazo. Bafundi wa zamani wanafanya hivi: umeme unapita kwanza ndani ya ampuli ya waya ya wati 100, ndipo unaingia mu mashini. Ampuli ikiwaka kidogo kisha ikafifia, kuko tumaini. Ikiwaka sana na kubaki hivyo, kuko mahali umeme unagusana: toa, fungua, tafuta. Ampuli ya LED haifai kwa kazi hii, na zile za waya sasa zinapatikana kwa shida. Mwenye kuona moja ku soko ya Kenya anunue mbili. Lakini kazi hii si ya kila mtu: kondensateri kubwa inaweza kushika umeme hata kisha kuchomoa, na inatosha kumwangusha mtu. Ni ya fundi mwenye kujua.

Kabla ya hapo, mtu atazame kile kidude cha kuchagua volti nyuma. Mashini zenye kutoka Marekani zinakuja mara mingi zikiwa zimewekwa ku 110. Moshi wake ni wa sekunde chache.

Kuna moshi mwingine wenye kudanganya. Mu Revox A77 na B77, mashini za Uswisi zenye zilienea mu studio nyingi za dunia, kuko kondensateri ya karatasi ya alama Rifa, yenye ganda la manjano lenye kuonesha ndani. Ganda linapasuka kwa miaka, unyevu unaingia, siku ya kuwasha inatoa moshi mzito na harufu mbaya. Watu wanakimbia, wanasema mashini imeungua. Kumbe ni kipuri kidogo cha bei ndogo, na fundi anakibadilisha mbele ya saa sita za mchana. Sijui ni mashini ngapi zilienda mitraye juu ya moshi ule tu.

Mlio wa "mmm" nao una lugha yake. Shusha volume mpaka ziro. Ukiisha, shida iko mbele ya volume: waya, tere, ao micro. Ukibaki, tazama alimantasio na kondensateri zake. Meza ya mixaji yenye kukwaruza kila ukisogeza kitufe, mara nyingi inaumwa vumbi jekundu la kiangazi. Dawa ni spreyi ya kusafisha kontakti. Mafuta ya kufuli hapana. Yanafurahisha wiki moja, kisha yanashika vumbi zaidi.

Mpira wenye kubana mkanda ndio unateswa na joto letu: unakuwa mgumu kama ukwato ao unageuka gundi, na sauti inaanza kulewa. Mpira unaweza kutengenezwa upya ku turneri. Kichwa cha kusomea chenye kuliwa na mikanda, hapana. Hapo ndipo mashini ya pili yenye imekufa inakuwa mali, na hapo ndipo mtu wa mitraye anakuwa adui.

Tena, mkanda wa pekee haujaribiwi ku mashini yenye imetoka ku fundi leo. Jaribu na mkanda usio na kitu. Kuna mikanda ya miaka ya 1970 na 1980 yenye inanata kwa unyevu. Wataalamu wanaikausha kwa joto la karibu digri 50, saa nyingi, mu chombo chenye joto lisilopanda wala kushuka. Si juu ya mbabula, tafazali.

Kinachochoma moyo ni hiki. Risasi ya kuungia ina bati, na bati inatoka mu kasiteriti ya Manono na Kalima. Kondensateri za tantali zinatoka mu koltani, ile ya Rubaya na kwingine. Vyote vinaondoka kwa magunia, vinarudi mu bahasha ndogo kupitia Kasumbalesa, kwa dolari.

Kwa maoni yangu, kila redio kutengeneza mashini yake ni kupoteza feza. Redio za Haut-Katanga zikusanye zote zenye ziko mu depo, zichinje nne ili kupata moja nzima, na kijana mmoja akae karibu na fundi mzee tangu mwanzo. Mashini moja, zamu kwa zamu. Na kopi isibaki mu nyumba moja: mu Kivu tumeona redio za kijamii zikiporwa, na kilichokuwa ndani kikaenda nacho.

Diski si shida. Kwa kiwango cha chini chenye IASA inashauri, saa moja ya stereo inakula karibu giga moja. Shida ni wakati, juu saa moja ya mkanda inaomba saa moja ya mashini. Kabati la mikanda 300 ya nusu saa ni saa 150. Kwa umeme wa saa 4 kwa siku, ni siku 38, kama mashini inabaki nzima.