Wakimbiaji, tahadharini na mteremko

Kila Jumatatu ya tatu ya mwezi wa Aprili, wakati sisi huku tunakimbizana na mvua ndefu, wakazi wa Boston nchini Marekani hujipanga kando ya barabara kutazama mbio ambazo zimekuwako tangu mwaka wa 1897. Kwao hayo ni majira ya kuchipua. Theluji imekwisha, miti inatoa majani mapya, na watu wametoka nje baada ya kujifungia kwa miezi mingi. Mbio zenyewe huanzia katika mji mdogo wa Hopkinton, zikapita kwenye mashamba, miji midogo na vilima, hadi katikati ya jiji baada ya kilomita 42 na ushei.

Mpenzi msomaji, yamkini utauliza habari hizi zinahusiana vipi na ukurasa wa afya. Zinahusu magoti yako na mapaja yako, na kama utakavyoona hapo mbele, zinahusu pia figo zako.

Mtu wa Machakos hahitaji kufundishwa habari za Boston. Cosmas Ndeti, mzaliwa wa Machakos, alishinda mbio hizo mwaka wa 1993, 1994 na 1995, mara tatu mfululizo. Mwaka wa 1994 alitumia saa 2, dakika 7 na sekunde 15. Muda huo ulibaki kuwa rekodi ya Boston hadi mwaka wa 2006, ambapo Robert Kipkoech Cheruiyot aliupunguza kwa sekunde moja tu. Kabla ya Ndeti, Ibrahim Hussein alikuwa amefungua njia mwaka wa 1988, akiwa Mwafrika wa kwanza kushinda huko.

Wazungu wana kilima chao katika mbio hizo ambacho wamekiita Heartbreak Hill, yaani kilima cha kuvunja moyo. Kiko baada ya kilomita 32 hivi. Nilipojua vipimo vyake mara ya kwanza nilicheka kwa sauti. Urefu wake ni kama mita 600, na kutoka chini hadi juu kinainuka mita 27 pekee. Hilo ni jengo la ghorofa tisa. Mji wa Machakos uko kwenye mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilele vya milima ya Iveti iliyo juu yake vinapita mita 2,000. Mama anayetoka kisimani na mtungi wa lita 20 mgongoni hupanda zaidi ya mita 27 kabla ya kiamshakinywa, wala hakuna gazeti linaloandika kwamba moyo wake umevunjika.

Basi kwa nini kilima kidogo namna hiyo kiwaangushe wanariadha hodari wa dunia? Jibu ni kwamba si kilima kinachowaangusha. Hopkinton iko juu kuliko Boston kwa mita 140 hivi, na sehemu kubwa ya kilomita 26 za mwanzo ni mteremko. Mkimbiaji hufika kwenye vilima vya Newton akiwa na pumzi ya kutosha, lakini mapaja yamekwisha kupondwa. Kilima hicho hulaumiwa kwa makosa ya mteremko.

Hapo ndipo penye somo ambalo wengi wetu tunaokimbia siku za Jumamosi hatujalielewa. Unapopanda mlima, msuli wa mbele ya paja hujikunja na kukusukuma juu. Ni kazi nzito, moyo unadunda, jasho linatiririka, na kila kiungo kinakuambia upunguze mwendo. Unaposhuka, msuli uleule hufanya kazi ya breki. Hapo unavutwa na kurefushwa huku ukiwa umebeba uzito wako wote, na hata kwenye tambarare kila hatua ya mkimbiaji hutua kwa kishindo cha mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Nyuzi ndogondogo za msuli huchanika. Na kwa vile kushuka hakuhitaji hewa nyingi, pumzi inakudanganya kwamba mambo ni mazuri. Maumivu yenyewe hayaji siku hiyo. Huja kesho yake na kufikia kilele siku ya pili au ya tatu, wakati huwezi kushuka ngazi za ofisi ila kwa kushikilia ukuta na kwenda kinyumenyume.

Hata mabingwa hawasamehewi. Mwaka wa 2023 Eliud Kipchoge alikwenda Boston kwa mara ya kwanza, miezi michache baada ya kukimbia kwa saa 2:01:09 katika barabara tambarare za Berlin. Aliongoza kwa kasi kwenye ile miteremko ya mwanzo, lakini miguu ilimgomea kwenye vilima vya Newton na akamaliza wa sita. Mshindi alikuwa Evans Chebet. Kipchoge mwenyewe alisema mguu wake wa kushoto ulimsumbua, nami sidai kwamba mteremko pekee ndio uliomponza. Lakini mtazame Ndeti mwaka wa 1993. Aliwaacha wenye haraka watangulie, akatulia nyuma, akakimbia nusu ya pili kwa kasi kuliko nusu ya kwanza, na wale waliokuwa mbele akawapata mmoja baada ya mwingine.

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu. Mwaka uliopita mimi na mwenzangu wa ofisini tulijiandikisha katika mbio za hisani zilizopitia njia za milimani, si mbali na mji wa Machakos. Mwandalizi wake simtaji, maana nia yake ilikuwa njema. Maji yalikuwapo ya kutosha, na gari la wagonjwa lilikuwapo pia. Mwenzangu ana umri wa miaka 38, mwembamba, havuti sigara, na alikuwa amejizoeza kwa miezi miwili. Lakini mazoezi yake yote yalikuwa ya tambarare, kuzunguka mtaa wake jijini Nairobi, na kupanda ngazi za ghorofa. Kushuka hakukufanyia mazoezi. Nani hufanyia mazoezi jambo rahisi?

Tulipopanda alinitangulia kidogo. Tulipoanza kushuka akafungua miguu kama aliyeachiliwa kutoka kifungoni, nami nikamfuata. Mzee mmoja aliyekuwa akikarabati matuta ya shamba lake alinyanyua jembe na kutuita, "Vijana, mnashuka kama ng'ombe walioona maji!" Tulicheka na kumpungia mkono. "Asante, mzee!" tukamjibu, kana kwamba alikuwa ametusifu.

Jioni hiyo mwenzangu alihisi mapaja yamekuwa kama mbao. Akameza vidonge viwili vya diklofenaki, na usiku akameza vingine. Siku ya pili aliona mkojo wake umekuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Alidhani ni upungufu wa maji mwilini, akanywa maji na kungoja. Siku ya tatu mkewe alimpeleka hospitali kwa nguvu. Daktari alieleza kwamba msuli ukiharibika kupita kiasi humwaga vitu vyake ndani ya damu, na figo zikizidiwa katika kuvichuja zinaweza kusimama. Alilazwa siku tano akitiwa maji mshipani. Mama watoto, aliponipigia simu, hakunilaumu kwa neno lolote, na hilo liliniuma kuliko lawama.

Jambo hili halimpati kila mkimbiaji, na sitaki kumtia mtu hofu. Wengi wetu tunaambulia maumivu ya siku nne na mzaha wa wenzetu. Lakini dalili zake ni lazima zijulikane: mkojo wa rangi ya chai au ya kola, misuli iliyovimba na kulegea kupita kawaida, kichefuchefu, na mkojo kupungua. Ukiona mkojo wa rangi hiyo baada ya mbio, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje Jumatatu. Na hivyo vidonge vya maumivu, diklofenaki na aibuprofeni, ambavyo tunavinunua dukani kama peremende na wengine huvimeza hata kabla ya kuanza mbio, hupunguza damu inayofika kwenye figo. Kuvimeza wakati mwili umekauka na misuli imechanika ni kuziongezea figo mzigo juu ya mzigo. Kunywa maji kupita kiasi nako si dawa, kwani kunaweza kuipunguzia damu chumvi mpaka mtu akapoteza fahamu. Kunywa kwa kadiri ya kiu.

Maoni yangu ni haya. Waandalizi wa mbio za milimani, ambazo sasa zimekuwa nyingi, hawana budi kuwaeleza watu habari za mteremko wanapowasajili. Wanatuambia urefu wa njia, rangi ya fulana na mahali pa kuegesha magari. Haiwagharimu chochote kuongeza mstari mmoja unaosema njia inashuka mita ngapi na kwa umbali gani, na mwingine unaotaja rangi ya mkojo. Ikiwezekana, mteremko mkali usiwekwe mwishoni, wakati miguu imechoka na kila mtu anataka kupigwa picha akimaliza kwa kasi. Na yule daktari anayeketi chini ya hema apewe kipaza sauti dakika tano kabla ya mbio, badala ya wanasiasa kukimaliza chote.

Kuna habari njema pia. Msuli una kumbukumbu. Ukiuonjesha mteremko kidogo, labda dakika kumi za kushuka polepole, utauma mara ya kwanza, lakini ukirudia wiki moja au mbili baadaye utauma kidogo sana, na kinga hiyo hudumu kwa majuma kadhaa. Kwa hiyo anza mwezi mmoja na nusu kabla ya mbio. Shuka kwa hatua fupi za harakaharaka, goti likiwa limekunjwa kidogo, usijiegemeze nyuma na kupiga kisigino chini kama mtu anayekanyaga breki. Palipo pakali sana, tembea. Hakuna aibu yoyote. Aliyepita miaka 40, mwenye shinikizo la damu au kisukari, na anayeanza baada ya kukaa kitako kwa muda mrefu, amwone daktari kwanza. Na wakati wa mvua, njia za udongo mwekundu za Iveti huteleza kama sabuni, kwa hiyo raba zilizoisha soli ziache nyumbani.

Siku hizi nikipanda Iveti hutazama yale matuta kwa jicho jingine. Wakulima wa Machakos waliona udongo wao ukibebwa na maji miaka nenda miaka rudi, mpaka katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ikaita nchi yao jangwa la mawe. Walichofanya baadaye, hasa wanawake katika vikundi vya mwethya, ni kukata kilima vipande vipande ili maji yashuke kwa kituo. Mzee yule aliyetukemea alikuwa akifanya kazi hiyohiyo tulipompita.

Mwenzangu amepona. Vipimo vya figo vimerudi kawaida, na daktari amemruhusu kukimbia, ingawa kwa tambarare tu mpaka mwezi ujao. Jumamosi iliyopita nilimkuta akinisubiri kituo cha matatu za Machakos, ana chupa ya maji na viazi vitamu ndani ya mfuko. Tulipanda Iveti kwa miguu, tukakaa juu kwa nusu saa tukitazama mji, kisha tukaanza kushuka tukitembea. Tulitafuta shamba la yule mzee ili tumwamkie, lakini tulikuta ameshaenda sokoni.