Picha za Mirihi zitoke siku zinapofika

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Anga za Juu la Ulaya (ESA), Paris

Mheshimiwa Dkt. Josef Aschbacher,

Nakuandikia kutoka Karatu, kaskazini mwa Tanzania. Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari na nina ombi moja kwako. Gari la utafiti la shirika lako, Rosalind Franklin, limepangwa kurushwa mwaka 2028 na kutua Mirihi mwaka 2030, katika tambarare ya Oxia Planum. Naomba iandikwe mapema, kabla roketi haijawashwa, kwamba kila picha ghafi ya gari hilo itawekwa hadharani mara inapopokelewa duniani, kwa ukubwa wake wote, na kila mtu awe huru kuipakua na kuitumia.

Nasisitiza mapema. Kamera nyingi za vyombo vyenu hutengenezwa na vyuo na taasisi za nchi wanachama, kwa fedha za nchi hizo, hivyo picha zinakuwa na mwenyewe kabla hata hazijapigwa. Chombo kikishafika huko ndipo watu huanza kuuliza mbona picha hazitoki, na shirika linabaki kujitetea kwamba ufunguo hauko kwake. Mwaka 2014 yalitokea hayo kwa chombo chenu Rosetta. Watu walikuwa wameifuatilia safari ya miaka 10 hadi kwenye nyotamkia, lakini picha za kamera kuu, OSIRIS, zikatolewa chache za kuchaguliwa huku nyingine zikibaki kwa watafiti wenyewe. Manung'uniko yalikuwa mengi, na hayakuwa ya bure. Najua hukuwa mkurugenzi wakati huo. Safari hii ni wewe, na mwaka 2030 bado uko mbele yetu.

Nieleze kwa nini mwalimu wa Karatu analichukulia jambo hili kwa uzito. Kuna chombo cha Marekani, Mars Reconnaissance Orbiter, kinachoizunguka Mirihi tangu Machi 2006. Kamera yake iitwayo HiRISE inaendeshwa na Chuo Kikuu cha Arizona, mjini Tucson. Ikiwa juu kilomita 300 hivi, kila nukta ya picha yake inashika kipande cha ardhi cha sentimita 30 hivi, kiasi kwamba jiwe la ukubwa wa meza linaonekana. Picha moja inaweza kuwa na nukta 20,000 kwa upana tu, na urefu wake ni zaidi ya hapo. Hazilipiwi, wala haziombewi kibali. Tangu mwaka 2010 mtu yeyote, popote alipo, anaweza hata kupendekeza mahali anapotaka papigwe picha.

Darasani kwangu picha hizo zina kazi. Ukivuka Ngorongoro kuelekea Oldupai kuna tuta la mchanga mweusi linalohama. Ni majivu ya volkano yaliyotoka Ol Doinyo Lengai; upepo umelikunja kama mwezi mchanga na unalisukuma mwaka hata mwaka, na alama zimesimikwa kuonyesha lilikuwa wapi zamani. Mirihi nako, mahali paitwapo Nili Patera, kuna matuta ya umbo hilohilo, na mchanga wake nao ni mweusi wa asili ya volkano. Nawapa wanafunzi picha zote mbili na kuwauliza upepo unatoka wapi. Pembe mbili za tuta huelekea upepo unakokwenda, na mgongo wenye mteremko mpole huelekea unakotoka. Wakishalielewa la Oldupai, la Mirihi wanalisoma wenyewe, na huwa ni furaha kubwa kuona kijana wa kidato cha tatu akionyesha kwa kidole mwelekeo wa upepo wa sayari nyingine, tena kwa usahihi.

Sasa angalia suala la ukubwa. Juu ya migongo ya matuta yale ya Nili Patera kuna viwimbi vidogo vya mchanga, mistari myembamba iliyopangana. Mwaka 2012 watafiti walilinganisha picha za HiRISE za nyakati tofauti, wakapima jinsi viwimbi hivyo vilivyosogea, na hivyo wakathibitisha kwamba mchanga wa Mirihi unahama hata leo, katika hewa nyembamba kiasi kile. Ukiichukua picha hiyohiyo ikiwa imepunguzwa kwa ajili ya magazeti, viwimbi vyote vinapotea. Linabaki doa jeusi zuri la kupamba ukuta. Ndiyo maana siridhiki na picha teule za idara ya habari, hata ziwe za kupendeza vipi. Picha kamili naipakua usiku, bando linapokuwa nafuu, na asubuhi naipeleka shuleni kwenye flashi. Tungeshukuru sana kama zenu zingetolewa kamili na pia zikakatwa vipande, ili mwenye bando dogo achukue sehemu anayoihitaji tu.

Kuna habari moja ya kwenu Ulaya ambayo nadhani ingetosha peke yake kulimaliza jambo hili. Desemba 2003 chombo chenu cha Mars Express kilifika Mirihi kikiwa kimebeba chombo kidogo cha Waingereza, Beagle 2. Kilipaswa kutua siku ya Krismasi. Hakikutoa sauti. Profesa Colin Pillinger, aliyekihangaikia kwa miaka mingi, alilaumiwa na kuhojiwa, na wengi wakaamini kwamba kiligonga ardhi kikasambaratika. Alifariki Mei 2014 bila kujua. Januari 2015 ikatangazwa kwamba Beagle 2 imeonekana. Kilikuwa kimetua salama katika bonde la Isidis, kilomita chache tu kutoka mahali palipokusudiwa, na baadhi ya paneli zake za sola zilikuwa zimefunguka. Zilizobaki hazikukunjuka, na antena ilikuwa chini ya paneli hizo, kwa hiyo hakikuwa na njia ya kuita nyumbani.

Aliyekigundua ni Michael Croon, mtu aliyewahi kufanya kazi katika timu ya Mars Express, na alikigundua kwa kuchambua picha za HiRISE zilizo wazi kwa kila mtu. Chombo kizima, kikiwa kimekunjuliwa, hakifiki mita mbili. Katika picha ni vinukta vichache vinavyong'aa pasipotarajiwa kung'aa. Picha ya kwanza iliyokinasa ilipigwa Februari 2013. Yaani picha ilikuwepo Profesa Pillinger akiwa hai. Kilichokosekana ni jicho la kutua mahali pale mapema zaidi. Kila nikilifikiria hilo naumia, ingawa sikuwahi kumwona mtu huyo. Macho yakiwa kumi, kitu kama hicho kinaweza kujificha miaka na miaka. Yakiwa laki moja, nafasi ya kujificha inapungua.

Oktoba 2016 mkapoteza chombo kingine, Schiaparelli, na safari hii pia ni kamera za Wamarekani zilizowaonyesha kilipoangukia, ndani ya siku chache. Warusi nao walikuwa na Mars 3, iliyotua mwaka 1971 ikanyamaza baada ya sekunde chache. Mwaka 2013 kikundi cha wapenzi wa anga wa Urusi, watu wa kawaida wenye kompyuta nyumbani, walipekua picha kubwa ya HiRISE iliyopigwa 2007 wakaona vitu vinavyofanana na parachuti na sehemu nyingine za chombo hicho. Ulaya imefaidika na uwazi wa wengine. Ni haki na wengine wafaidike na wa kwenu.

Najua jibu la watafiti, na silidharau. Mtu anatumia miaka 15 au 20 kujenga kamera moja, anaona safari ikiahirishwa (gari hili lilikuwa liondoke 2022, kabla ushirikiano na Urusi haujavunjika kwa sababu ya vita vya Ukraine), halafu siku picha ya kwanza inapofika, mgeni asiyechangia chochote aandike makala ya kisayansi kabla yake. Hofu hiyo ina ubinadamu. Lakini imeshajaribiwa. Magari mawili ya Marekani, Spirit na Opportunity, yalipotua Januari 2004, Steve Squyres, mtafiti mkuu wa magari hayo, na timu yake waliamua picha ghafi zote ziwekwe kwenye intaneti zinapoingia. Watu wakazipakua, wakaziunganisha kuwa mandhari pana, wakazipaka rangi, wengine wakiwa na kazi zao za benki au hospitali mchana. Timu ya Squyres haikunyang'anywa ugunduzi wake. Ndiyo iliyoandika makala za kwanza na ndiyo inayokumbukwa. Magari ya Marekani yaliyofuata, Curiosity na Perseverance, yakashika njia hiyohiyo. Picha ghafi haijasahihishwa mwanga wala rangi, na kwa kipimo cha kweli cha madini mtaalamu bado anahitaji data iliyosafishwa. Hiyo iliyosafishwa watafiti wakae nayo peke yao kwa miezi sita kama wanaona lazima. Sisi tupeni ghafi.

Hata nyinyi mmewahi kulionja jambo hili. Huygens, chombo chenu, kilipotua Titan, mwezi wa Zohali, Januari 2005, picha zake ghafi ziliwekwa wazi, na kabla hakujapambazuka watu wasio wataalamu walikuwa wameshaziunga zikawa mandhari ya ulimwengu ambao hakuna aliyewahi kuuona.

Kuna pia suala la uvumi. Oktoba 2025 nyotamkia 3I/ATLAS, iliyotoka nje ya mfumo wetu wa jua, ilipita karibu na Mirihi. HiRISE iliipiga picha mwanzoni mwa mwezi huo, lakini serikali ya Marekani ilikuwa imefungwa kwa mgogoro wa bajeti, na picha hazikutolewa hadi tarehe 19 Novemba. Katika wiki hizo watu walijaza pengo kwa maneno yao: ni chombo cha viumbe wa mbali, ukweli unafichwa. Shirika lako liliipiga picha nyotamkia hiyo tarehe 3 Oktoba kwa chombo chenu kinachozunguka Mirihi, na tarehe 7 mkawa mmeitoa. Ilikuwa ni doa hafifu jeupe tu, nami niliwaonyesha wanafunzi doa hilo kwa fahari, nikiwaambia hiki ndicho kilichoonekana, basi. Kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Nawashukuru pia kwa Desemba 2014, mlipokubaliana na shirika la anga la Ujerumani, DLR, na Chuo Kikuu Huria cha Berlin kwamba picha za kamera kubwa ya Mars Express zitolewe kwa leseni ya wazi.

Wewe binafsi, Mheshimiwa, ulikuwa mkurugenzi wa uangalizi wa Dunia katika shirika hilo kabla ya kupanda cheo. Katika miaka hiyo satelaiti za Sentinel zilikuwa zikitoa picha za Dunia bure kwa kila nchi, na hadi leo ofisa wa misitu au mtafiti wa mafuriko Afrika Mashariki anazipakua bila kumwomba mtu. Sijasikia mtu akisema kwamba uwazi huo umewadhulumu wataalamu wa Ulaya. Falme za Kiarabu nazo, ambazo chombo chao Al-Amal kilifika Mirihi Februari 2021, zimekuwa zikitoa data kwa wote bila kuwawekea watafiti wao kipindi cha peke yao.

Kwa hiyo ombi langu, kwa vitendo, ni hili. Ahadi hiyo iwemo katika makubaliano na taasisi zote zenye kamera kwenye gari: PanCam inayotazama mandhari, CLUPI inayotazama miamba kwa karibu, na kamera za kuliongozea gari, ambazo wengi huzisahau ingawa ndizo zitakazopiga picha nyingi za kila siku. Kila picha iambatane na saa, mahali na kamera iliyotumika. Hasa picha za shimo: Rosalind Franklin itachimba hadi mita 2, kina ambacho hakuna gari lililowahi kukifikia Mirihi, kutafuta dalili za uhai wa kale katika udongo wa mfinyanzi wenye umri wa karibu miaka bilioni 4. Udongo utakaotoka humo tungependa kuuona siku hiyohiyo mtakapouona nyinyi.

Katika eneo la ramani ya Mirihi ambamo gari hilo litatua, Oxia Palus, kuna kreta iitwayo Kipini. Imepewa jina la mji mdogo wa Kenya, pale Mto Tana unapoingia baharini, kwa utaratibu wa kuzipa kreta majina ya miji midogo ya dunia. Watu wa Kipini wana jina kwenye ramani hiyo tayari, na naamini wana haki ya kuona ardhi yake bila kungoja zamu.

Nitashukuru ukinijibu hadharani, kwa ndiyo au hapana, na kama ni hapana, ni taasisi gani ambayo haijakubali, ili nayo tuiandikie.

Wako kwa heshima,

Mwalimu wa Jiografia
Karatu, Mkoa wa Arusha