Lafudhi, Aibu na Kujikubali kwa Mzungumzaji wa Kiswahili

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua Kiunguja kuwa lahaja ya msingi, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, haja kubwa ilikuwa kupata lugha moja ya vitabu vya shule katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kilichosanifishwa hasa kilikuwa maandishi. Walakini kigezo hicho aghalabu hutumiwa leo kumpimia mtu mwenyewe.

Katika lugha kadhaa za Kibantu, [l] na [r] si fonimu mbili. Aliyelelewa katika lugha ya namna hiyo huweza kutamka "kula" na "kura" sawasawa, naye huchekwa. Tumewasikia wanafunzi wa uzamili, wenye hoja nzito, wakisema "njia kuu" ili kuikwepa "barabara". Wengine hunyamaza semina nzima, na hasara hiyo ni ya taaluma yetu pia.

Je, kinachochekwa ni kosa la kifonolojia? Hatuamini hivyo. Katika lahaja za pwani, "paa" la nyumba na "paa" mnyama hutofautishwa kwa mpumuo. Wazungumzaji wengi wa bara (wahadhiri tukiwamo) hatuutamki mpumuo huo, wala hakuna anayetucheka. Huenda mtu akajibu kuwa [r] imo katika tahajia na mpumuo haumo. Ni kweli, lakini basi aibu hiyo yote imejengwa juu ya uamuzi wa watunga tahajia, na mwanafunzi ana haki ya kuambiwa hivyo. Kujikubali tunakokusudia kunaanzia katika kuijua lafudhi yake kuwa ni athari ya mfumo mwingine kamili wa sauti, usio pungufu.

Lahaja iliyoachwa mwaka 1928 nayo haikunyamaza: Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki (1973) kwa Kimvita, na diwani hiyo ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974.

Hatusemi mwalimu aache kufundisha matamshi. "Kula" na "kura" zina umuhimu wake, hasa wakati wa uchaguzi. Tunapendekeza kwamba mpumuo na [r] vifundishwe kwa uzito mmoja, na kwamba katika semina na utetezi wa tasnifu alama zitolewe kwa hoja, lafudhi isihesabiwe.