Ndege Hawasomi Mabango

Wako watu, na wengi wao ni wasomi, wanaoamini kwamba ndege wa majini huishi hifadhini tu. Ukiwauliza mahali pa kuwatazama katika Mkoa wa Tanga, watakutajia Saadani kule pwani au Mkomazi kule upande wa Same, kisha watanyamaza. Kwamba kati ya pande hizo mbili lipo bonde zima la Mto Pangani, na mito ya Luengera na Mkomazi inayoumiminikia, na mashamba ya mpunga ya Mombo, na malambo ya Handeni, hilo haliwapitii akilini. Mimi nasema imani hiyo ni ya uvivu, na uvivu huo unatugharimu.

Nilipata kualikwa katika msafara wa watazama ndege mwezi wa Januari, watu kumi na wawili ndani ya basi dogo, darubini shingoni na vitabu vinene vya picha magotini. Nia yao ilikuwa njema. Lakini tulipotoka Korogwe kuelekea Mombo, maji ya vuli yakiwa bado yametuama mabondeni, tuliwapita yangeyange, kwarara na korongo bila hata kupunguza mwendo, maana ratiba ilisema kituo kinachofuata ni hifadhini. Nilipoomba tusimame, kiongozi wa msafara, kijana Mtanzania, alinijibu kwa upole: "Mzee, hapa ni mashamba tu."

Tulisimama kwa sababu ya pancha. Palepale palikuwa na shamba la mpunga, na juu ya dungu bibi mmoja alikuwa akiamia ndege kwa kombeo na debe bovu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza kama anawafukuza ndege wote wale.

"Niwafukuze wote kwa nguvu gani, mwanangu? Mwizi ni huyu mdogo mwenye mdomo mwekundu. Wale weupe waache, wanakula panzi. Na hao wanaotikisa mkia matopeni ni wageni, sijaona kiota chao hata siku moja. Masika ikishika, huwaoni tena."

Ndugu msomaji, kwa maneno hayo machache bibi alikuwa amewagawa ndege wa bondeni katika mafungu matatu, na hakukosea hata moja. Mwizi mwenye mdomo mwekundu ni kwelea kwelea. Weupe ni yangeyange. Wageni ni vitwitwi, ambao huzaliana Ulaya na Siberia na kukimbilia kwetu baridi ya huko inapokuwa kali. Kijana wetu hakuona haja ya kuyatafsiri hayo. Nilipoyatafsiri mwenyewe, mama mmoja wa Kizungu alifunga kitabu chake akaketi ukingoni mwa jaruba kusikiliza. Kiongozi alikuwa akitazama saa.

Simlaumu yeye peke yake, kwani alifundishwa na sisi. Katika lugha ya ofisini kinamasi ni pori, au mahali pa mbu, au ardhi inayosubiri mwekezaji. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu mwaka 2000, na kufikia 2004 ilikuwa imeandikisha maeneo manne: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Ni maeneo makubwa yanayostahili heshima hiyo. Ila kisichoandikishwa kimekuwa kama hakipo. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilipojengwa miaka ya 1960, mafuriko yaliyokuwa yakijaza kinamasi cha Kirua, juu kabisa ya Korogwe, yalipungua sana. Samaki wakapungua, na pamoja nao riziki ya waliowavua. Sipingi umeme, nami nasoma kwa taa. Nauliza tu ni nani aliyekaa akaandika kilichopotea, kama tulivyoandika kilichopatikana. Na mto ni huohuo unaoinywesha Handeni, wilaya ya ukame, ambayo bomba lake kuu lililojengwa miaka ya 1970 huchota maji ya Pangani upande wa Korogwe.

Nitaambiwa kuwa ndege ni anasa ya walioshiba. Eti mkulima wa Mombo atake nini kwa ndege zaidi ya kuwaua? Kwelea mmoja hula nafaka kama gramu 10 kwa siku, kwa hiyo kundi la milioni moja humaliza tani 10 kabla jua halijazama. Najua. Lakini dawa ya fenthioni inayonyunyizwa kutoka angani juu ya makundi yao haichagui. Mwewe na bundi wanaookota mizoga hufa vilevile. Anayejua mwizi hulala wapi, na nani jirani yake asiye na hatia, ni yule wa dunguni. Basi utazamaji wa ndege ni kazi yake ya kila siku, tena ya njaa na shibe. Sisi ndio tunaoufanya mchezo.

Wala sidai bonde lizungushiwe uzio. Mkomazi ilifanywa pori la akiba mwaka 1951, na mwaka 1988 wafugaji wakaondolewa humo. Ukienda kumwambia mkulima wa Korogwe kwamba jaruba lake limeonekana kuwa makazi ya ndege, usishangae akikutazama kwa wasiwasi. Atakuwa na haki.

Ninachotaka ni kidogo kuliko hicho, na hakina gharama kubwa. Januari ni mwezi ambao ndege wa majini huhesabiwa katika nchi nyingi. Hapa kwetu hesabu kubwa ilifanywa Januari 1995. Kutoka Korogwe hadi Handeni mjini ni kilomita 65. Waende watu wawili wenye daftari kwenye lambo moja la huko alfajiri, kabla ng'ombe hawajafika kunywa, waandike majina ya ndege kwa Kiswahili, na kwa Kizigua pia. Mtu wa tatu awe mchungaji wa palepale, naye alipwe ujira wa siku yake sawasawa na wanavyolipwa waongozaji wa hifadhini.